Mwenye Kushika Kamba: Mwongozo wa Kujifunza Kupanda Majabali Katika Kisiwa cha Kalymnos

Mtu anayeazimia kutumia likizo yake kujifunza kupanda majabali aghalabu huuliza kwanza juu ya mikono yake, kama ina nguvu ya kutosha, na juu ya moyo wake, kama utastahimili kimo. Maswali hayo ni ya haki, lakini si ya kwanza. La kwanza ni nani atakayemshikia kamba akiwa juu. Na la pili, ambalo ni zito kuliko hilo, ni kama yeye mwenyewe ataweza kumshikia kamba mwenzake. Nakuandikia wewe ambaye hujapata kupanda kabisa, au uliyepanda katika ukumbi wenye kuta za mbao na vishikio vya plastiki tu, na ambaye sasa unataka kwenda, chini ya mwalimu, mahali penye mwamba wa asili, jua na upepo. Mahali hapo ni Kalymnos, kisiwa cha Ugiriki, ambacho kwa maoni yangu kinamfaa mwanafunzi kuliko vingi vingine, si kwa uzuri wake peke yake, bali pia kwa sababu watu wake walikuwa wakiijua thamani ya mshika kamba zamani sana kabla mpandaji wa kwanza hajakanyaga pwani yao.

Kalymnos imo katika bahari ya Aegea, karibu na kisiwa cha Kos na si mbali na pwani ya Uturuki, na eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 110. Ardhi yake ni kavu na milima yake ni mitupu, na kwa ufinyu wa mashamba wakazi wake waliishi kwa vizazi vingi juu ya kazi ya kuzamia sifongo. Mzamiaji wa zamani alishuka amekumbatia jiwe bapa lililofungwa kamba, na ncha ya pili ya kamba hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu aliyebaki mashuani, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuhisi kwa vidole hali ya yule asiyemwona, na kumvuta juu mara ishara ilipomfikia. Msomaji mwenye jamaa katika Ghuba hana haja ya kuelezwa zaidi, maana wazamia lulu wa huko, ambao miongoni mwao walikuwamo Waafrika wengi waliochukuliwa utumwani kutoka pwani yetu, nao walishuka kwa jiwe na kamba, na uhai wao ulikuwa katika viganja vya mvutaji. Katika miaka ya 1860 likafika Kalymnos vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba na mpira wa hewa, wazamiaji wakaweza kukaa chini sana kwa muda mrefu, na kwa kuwa madhara ya kupanda juu upesi kutoka kwenye kina hayakuwa yamefahamika bado, wengi wao walikufa au walipooza. Hata leo kisiwani kuna ngoma iitwayo Mihanikos, ambamo mchezaji huonyesha kutetemeka kwa miguu ya mzamiaji aliyelemaa, na mwenye kuitazama kwa moyo hawezi kuidhani kuwa ni mchezo tu.

Sifongo zilipopungua, kisiwa kilihitaji riziki nyingine, na riziki hiyo ilikuwa imesimama juu ya vichwa vyao siku zote bila ya kujulikana. Mwaka 1996 mpandaji wa Kiitalia, Andrea Di Bari, alikuja kwa mapumziko, akayaona magenge ya mawe chokaa yaliyo juu ya vijiji vya pwani ya magharibi, na mwaka uliofuata akarudi pamoja na wenzake kufungua njia za kwanza. Kufungua njia maana yake ni kuutoboa mwamba kwa mashine, kutia bolti za chuma kisichoshika kutu kwa urahisi kila baada ya mita chache, na kuweka juu kabisa pete au karabina, yaani pete zenye kilango cha kufungua, za kupitishia kamba ya kushukia. Baada ya hapo mpandaji hupanda kwa mikono na miguu yake mwenyewe, na kamba na bolti hazimwinui bali humdaka akianguka. Leo njia hizo ni maelfu, na vijiji vya Massouri, Myrties na Armeos, ambavyo msimu wao wa wageni ulikuwa wa kiangazi tu, sasa hupokea wapandaji wakati wa machipuko na wa vuli pia.

Panga kwenda kati ya Machi na mwanzo wa Juni, ama kati ya Septemba na Novemba. Julai na Agosti mwamba huwa wa moto, na mwanafunzi hujifunza kuchukia jua badala ya kujifunza kupanda. Njia iliyo nyepesi ni kwenda Kos kwa ndege, kisha kuvuka kwa feri kutoka Mastichari hadi Pothia, mji mkuu wa Kalymnos, safari isiyofika saa moja; mwenye wasaa aweza kupanda meli kutoka Piraeus na kusafiri usiku kucha. Ukiwa na pasi ya nchi za Afrika Mashariki utahitaji viza ya Schengen, ambayo huweza kuombwa tangu miezi 6 kabla ya safari, na kwa kuchelewa sana siku 15 kabla yake, nayo hudai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Hapo pana mtego. Bima nyingi za wasafiri hutimiza sharti la viza lakini huondoa upandaji wa majabali katika orodha ya mambo zinayoyafidia. Basi usome hati yenyewe mpaka maandishi madogo ya mwisho, na kama upandaji haukutajwa, uandike kuuliza, na jibu ulihifadhi.

Katika kuchagua mwalimu usione haya kuuliza. Kuna shirikisho la kimataifa la vyama vya viongozi wa milimani, lililoundwa mwaka 1965, ambalo wanachama wake hupita mafunzo ya miaka kadhaa. Na kuna nchi zenye vyeti vya walimu wa upandaji wa majabali peke yake, ambavyo kwa kazi ya mwanafunzi kisiwani vinatosha. Uliza ana cheti gani na kimetolewa na nani, na siku moja hufundisha wanafunzi wangapi. Watu wanne kwa mwalimu mmoja ni wengi wa kutosha. Wakizidi, utakuwa ukingoja zamu tangu asubuhi, na jicho lake halitaweza kuwa juu ya mikono yote. Kisha uliza swali litakalokuonyesha ni mwalimu wa namna gani: “Siku ya kwanza utanifundisha nini?” Akikujibu kuwa utapanda njia nyingi na kupigwa picha nzuri, mshukuru na utafute mwingine. Akikujibu kuwa utashika kamba sana kuliko utakavyopanda, huyo umpe amana yako.

Sasa natua hapa, kwani ndipo penye roho ya jambo lenyewe. Mpandaji huvaa mshipi wenye mkanda wa kiuno na mikanda miwili ya mapaja, na kamba hupitishwa katika matundu mawili ya mbele, la kiuno na la mapaja, wala si katika moja tu, kisha hufungwa fundo la nane: unafunga nane moja mbali na mwili, unapitisha ncha katika matundu yale, halafu unaifuata njia ya fundo la kwanza nyuma kwa nyuma mpaka kila mkunjo uwe na mwenziwe sambamba, na mwisho ubaki mkia wa kiasi cha shubiri. Fundo lililo sahihi hutazamika vizuri. Mistari yake huenda miwili miwili bila ya kupandana, na jicho lililozoea hugundua kosa kabla akili haijahesabu. Jizoeze kulifunga chumbani usiku, ukiwa umechoka, ukiwa unazungumza na watu, kwa sababu hiyo ndiyo hali utakayokuwa nayo chini ya jabali; na zaidi ya yote jizoeze kutoruhusu mtu yeyote akusemeshe katikati ya fundo, maana wapandaji wa miaka mingi wamepata kuanguka kwa fundo walilolianza, wakaitwa, na wasilimalize.

Mshika kamba huwa na chombo cha kuzuia kamba, kilichofungwa kwenye mshipi wake kwa karabina yenye kufungika. Viko vya namna nyingi, na baadhi yake hubana kamba vyenyewe inapovutwa ghafula, lakini hakuna hata kimoja kinachokusamehe kanuni moja: mkono wa chini, ule unaoshika upande wa kamba unaoelekea ardhini, hauiachii kamba kwa hali yoyote. Si kwa kujikuna, wala kwa kufukuza nyuki, wala kwa kupokea chupa ya maji. Unasogezwa juu ya kamba kwa kuteleza, kamba ikiwa ndani ya ngumi daima. Katika saa ya kwanza mkono huu hujisahau. Mwanafunzi huona kamba imelegea, mwenzake yuko imara kwenye ukingo mpana, na vidole hufunguka vyenyewe kwa amani. Mwalimu mwema atakuwa amesimama nyuma yako, naye ameshika kamba ileile, akingoja amani hiyo ije ili aitaje wakati inapotokea, kwani onyo la wakati huo hukaa mwilini kuliko hotuba nzima ya asubuhi.

Simama karibu na mwamba, hatua mbili au tatu tu kutoka kwenye mstari wa njia, mguu mmoja mbele. Ukisimama mbali ili umwone mwenzako vizuri, akianguka utaburutwa na kupigwa ukutani. Na mtajiane uzito bila ya kuoneana aibu. Mtu wa kilo 55 anayemshikia mtu wa kilo 85 atanyanyuliwa kutoka ardhini siku mwenzake atakapoanguka, na mwalimu anazo dawa za jambo hilo ikiwa ameambiwa kweli. Hapa ustaarabu wetu wa kutouliza mambo ya mwili wa mtu hauna budi kuwekwa kando kwa muda.

Kabla ya kila kupanda, nasema kila kupanda, hata kama ni njia mliyoipanda dakika chache zilizopita, simameni uso kwa uso mkaguane: bizimu za mishipi yote miwili, fundo la mpandaji, karabina ya mshikaji kama imefungwa, kamba kama imepita katika chombo kwa upande unaostahili, na ncha ya mwisho ya kamba kama imepigwa fundo. Gusa kwa mkono, usiridhike na macho. Fundo hilo la ncha hudharauliwa sana na ndilo linalookoa sana, kwa hesabu iliyo dhahiri: njia yenye urefu wa mita 35 hula mita 70 za kamba, kwenda na kurudi, na njia za kadiri hiyo na kuzidi si adimu Kalymnos. Kamba ikiwa fupi na ncha yake ikawa huru, itapita katika chombo wakati wa kumteremsha mpandaji, na mshikaji atabaki na mikono mitupu. Ndiyo sababu wapandaji wengi huja hapa na kamba ya mita 80. Hata hivyo, ya mita 80 nayo ifungwe fundo.

Jambo la mwisho katika mlango huu ni maneno. Kubalianeni, mkiwa bado chini, mpandaji akifika juu atafanya nini, yaani atateremshwa na mshikaji ama atashuka mwenyewe. Hii ni kwa kuwa balaa kubwa hutokea pale ambapo wa juu anaegemea nyuma akitumai kushikwa, na wa chini amekwisha kuitoa kamba katika chombo akidhani mwenzake anajishusha. Magenge ya Massouri hujaa watu wa mataifa mengi wanaopiga kelele kwa lugha zao, basi kuitana kwa majina ni faradhi. Na wanaosema Kiswahili wao kwa wao wanayo faida, kwani amri zao hazitachanganyika na za jirani. Illa “kaza” na “legeza” katika upepo husikika mkia wao tu, na mkia wao ni mmoja. Afadhali mchague “vuta” kwa kukaza.

Baada ya hayo, kupanda kwenyewe kutakujia kwa urahisi usioutarajia. Njia hupimwa kwa madaraja ya Kifaransa, nambari ikifuatwa na herufi, na mwanafunzi huanza katika daraja la 4 na kuendelea hadi la 5, nazo njia za madaraja hayo Kalymnos zimejaa tele, mathalani karibu na Kasteli na katika bonde la Arginonta. Lile pango kubwa liitwalo Grande Grotta, lililo juu ya Armeos, lenye nguzo na mirija ya chokaa inayoning'inia darini, lina njia ngumu kwa wenye vidole vilivyokomaa. Nenda ukatazame, kwani uzuri wake ni wa kustaajabisha, ila usimwombe mwalimu akuchukue huko kupanda. Itazame miguu. Wanaoanza huangalia juu kutafuta pa kushika, na miguu yao hukwangua mwamba kama isiyo na mwenyewe. Wewe utazame ncha ya kiatu mpaka iwe imetua mahali ulipopachagua, ndipo macho yaondoke. Mikono iache inyooke, kama ya mchota maji mwenye ndoo mbili, ambaye hakunji viwiko vyake kwa kuwa anajua mifupa hubeba bila ya kuchoka na misuli huchoka upesi. Mawe chokaa ya Kalymnos yana makali, na ngozi ya vidole itakwisha kabla ya nguvu zako; kata kucha, vua pete zote na bangili, na siku ya tatu pumzika hata kama moyo unakataa.

Hofu usiifiche. Mwambie mwalimu pale inapokushika, naye akuteremshe kidogo ukae juu ya mshipi, uachie mikono yote miwili, uone kwa mwili wako kuwa kamba inabeba. Kamba ya kupandia ina unyumbufu uliokusudiwa, hunyoosha kidogo ili kuipokea nguvu ya anguko, na mtu akilijua hilo kwa kuning'inia huwa mwingine kabisa kuliko anayelijua kwa kuelezwa. Kuongoza njia, yaani kupanda kamba ikiwa chini yako na kuichomeka mwenyewe katika bolti moja baada ya nyingine, usikuhimize mtu. Wengine huwa tayari mwisho wa juma moja, wengine likizo nzima hupita wakipanda kwa kamba iliyokwisha kuwekwa juu, na hao wa pili hawakupungukiwa na kitu.

Mavazi ni hiari yako maadamu hayazuii magoti. Suruali ndefu hulinda ngozi. Mwenye kuvaa ushungi auchague ulio mwepesi na wa kubana, ncha zake azisokote ndani ya nguo, na helmeti ikae juu yake barabara; kitambaa kinachopepea, kama nywele ndefu zisizosukwa, huweza kumezwa na chombo cha kamba, na hapo mpandaji na mshikaji wote huwa wafungwa. Helmeti yenyewe ivaliwe hata chini. Mbuzi wa Kalymnos hulisha juu ya magenge wakitafuta zaatari, ileile inayowapa watu wa huko asali yenye sifa kubwa, na kwato zao huangusha vijiwe bila ya onyo. Ukisikia njuga juu ya kichwa chako, usiinue uso kutazama; jibanze ukutani. Njiani utapita mageti ya wachungaji. Uliyoyakuta yamefungwa uyafunge, na ukimkuta mzee wa mahali umwamkie kwanza kabla ya kumpita, kwa kuwa ardhi unayoikanyaga ni malisho yake. Magenge ya magharibi huwa na kivuli asubuhi hadi kiasi cha adhuhuri, basi toka mapema na maji yasiyopungua lita mbili, maana juu ya kijiji hakuna kisima.

Siku moja uvuke hadi Telendos, kisiwa kilicho mbele ya Myrties, kwa mashua ya dakika chache. Husemwa kuwa kilikuwa kimeungana na Kalymnos hadi tetemeko la ardhi la mwaka 554. Hakina magari, chakula chake cha pweza na samaki ni kizuri, na ukiketi pwani yake utayaona majabali yote uliyoyapanda yamepangwa mbele yako, ukaweza kuzifuata njia kwa kidole na kuzungumza na mwalimu juu ya kila mahali uliposita.

Siku ya mwisho mwombe mwalimu anyamaze. Wewe na mwenzako mfunge, mkaguane, mpande na kuteremshana, naye asimame kando asiseme neno isipokuwa kwa hatari, kisha awaambie yote aliyoyaona. Ukitaka kuendelea baada ya kurudi, nunua kwanza viatu, mshipi na helmeti, na kamba iache mpaka utakapojua kuitunza na kuikagua. Kwa mkazi wa Kenya, Lukenya, karibu na Athi River, ina magenge yanayopandwa tangu siku za mwanzo za Mountain Club of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1949; huko, na vilevile Hell's Gate karibu na Naivasha, njia nyingi hazina bolti, na mpandaji hutia vifaa vyake mwenyewe katika nyufa za mwamba, ambayo ni elimu nyingine mbali na ile ya bolti. Nenda na wanachama, jitambulishe kuwa umejifunza kwenye bolti tu, na uombe kazi ya kushika kamba.